Kompyuta isizibe redio ya jirani

Nina dukuduku kuhusu kompyuta zinazouzwa na kutengenezwa ovyo mitaani.

Mimi ni fundi redio. Mzee mmoja, jirani yangu, husikiliza matangazo ya vifo kila jioni. Aliniletea redio yake akilalamika kuwa inakwaruza tu. Tangazo la msiba wa shemeji yake lilimpita hivyo hivyo, akapata habari watu wamekwisha kuzika. Niliipima redio nikaikuta nzima. Mbaya alikuwa kompyuta ya duka la stesheneri, ukuta wa pili. Ikizimwa, redio inasema, ikiwashwa, inakwaruza.

Kwa ruhusa ya mwenye duka niliifungua. Katika pawa saplai yake mna nafasi zilizochorwa za koili na kapasita za kuchujia umeme, lakini vyenyewe havimo. Penye koili pameungwa vipande vya waya. Bati la ubavuni nalo limeondolewa, eti ipate hewa!

Ndugu Mhariri, ndani ya kompyuta umeme huwaka na kuzimika mamilioni ya mara kwa sekunde, na kila waya hugeuka erio. Koili na kapasita huzuia uchafu huo usitoroke kwa waya wa umeme. Bati lililofungwa sawasawa huuzuia usitoke hewani.

Wenzetu walikwisha liona jambo hili. Mwaka 1979 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliweka kanuni za kompyuta: Daraja A kwa ofisi na viwanda, Daraja B kwa majumbani. Daraja B ni kali zaidi, maana nyumbani redio na televisheni zi karibu. Kompyuta ya daraja hilo, ikipimwa kwa umbali wa mita 3, mawimbi yake katika masafa ya FM hayaruhusiwi kuzidi mikrovolti 150 kwa mita. Kompyuta ya TRS-80 Model I, iliyoanza kuuzwa mwaka 1977, ilikuwa na kelele nyingi hata wachezaji wakaweka redio kando yake ili wasikie milio ya michezo. Haikuweza kutimiza kanuni hizo, ikaondolewa katika soko la Marekani mwaka 1981.

Ulaya nako sheria ya mwaka 1989, iliyokuwa ya lazima tangu Januari 1, 1996, ilidai mambo mawili: chombo kisisumbue vingine, tena kivumilie usumbufu wa kawaida. Sheria iliyoirithi inadai vivyo hivyo hadi leo.

Mwenye duka alinionyesha herufi CE zilizobandikwa kwenye pawa saplai ile. Nikamwambia herufi hizo hubandikwa na mtengenezaji mwenyewe, na karatasi haichuji umeme.

Nawaomba waagizaji wasilete vifaa vilivyopunguzwa viungo ili bei ishuke. Mafundi wenzangu turudishe kila bati na kila skrubu. Wakaguzi nao wafungue makasha, wasisome maandishi ya nje tu.

Tuliweka pawa saplai nzima na kufunga bati. Redio ya mzee sasa inasema, lakini maziko yale hayarudi.

Fundi Redio,
Morogoro.