Si mba, ni maji ya kisima

MOMBASA na Tanga, wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Lungalunga na Horohoro mara nyingi huoga maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya chokaa. Maji hayo magumu yana kalsiamu na magnesiamu. Yakikutana na sabuni ya kipande, huacha utando mweupe kichwani. Anayedhani ni mba hununua dawa bure, na akizidisha sabuni, utando nao huzidi.

Dawa iko jikoni. Nywele huoshwa kwa shampuu, kisha humiminiwa vijiko viwili vya siki vilivyochanganywa na lita moja ya maji. Baada ya dakika mbili husuuzwa, ikiwezekana kwa maji ya mvua. Mwenye vidonda kichwani asitumie siki. Anayetaka kusuka aanze na hilo, utando usifungiwe ndani.