KUFUNDISHA WATOTO WADOGO MASHAIRI



Sisi wa pedagogi, wakati wa staje, tunasimama mbele ya watoto wa masomo ya primeri. Shairi tunalifundisha namna gani? Mara mingi tunaliandika ubaoni, watoto wanalishika kwa kichwa, ndiyo mwisho. Basi mutoto anafikiri mashairi iko kazi ya wakubwa tu.

Katika mwaka 1968 mshairi wa Marekani, Kenneth Koch, alianza namna ingine katika masomo ya primeri P.S. 61, mjini New York. Aliomba kila mutoto mstari mmoja tu, wenye kuanza na neno «Natamani», na ndani yake rangi na jina la mji ao inchi. Akakusanya makaratasi, akasoma yote kwa sauti: tayari shairi la darasa zima! Vina hakuvidai, maana mutoto mwenye kutafuta kina anapoteza wazo lake. Mwaka 1970 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo.

Tunajifunza nini? Wazo la shairi halingojewi na mikono mitupu. Mara mingi linakuja wakati kalamu inatembea. Mutoto akibaki na karatasi nyeupe, tusimucheke, wala tusimwandikie. Tumuulize: Njiani uliona nini? Ulisikia nini? Mstari mmoja leo, miwili kesho. Makosa ya kuandika tutasahihisha nyuma. Tukianza na wino mwekundu, atafunga kaye yake, na pengine hataifungua tena kwa furaha.

Tuvumilie, ndugu, ili naye avumilie.