Mja hakuja bure

Kiswahili chetu kina neno ambalo twalitumia kila siku bila ya kulifikiri: mja. Mja ni mtu, na asili ya neno ni kuja. Yeye ni mgeni aliyekuja, na kila mgeni ana siku ya kwenda zake. Lakini mja pia ni mtumwa wa Mola wake. Wazee waliotuachia neno hili walikwisha kutupa nusu ya jibu la swali ambalo vijana wetu huliuliza hadi leo: tumekuja duniani kufanya nini?

Nusu ya pili imo katika Qurani Tukufu. Katika Suratudh-Dhariyat, aya ya 56, Mwenyezi Mungu atueleza kuwa hakuwaumba majini na watu ila wapate kumwabudu. Jibu hilo hata mtoto wa chuoni alijua. Taabu huanza tunapoulizana: ibada ni nini?

Ukimuuliza mtu barazani, atakuhesabia vidoleni: shahada, swala, zaka, saumu na hija. Hakukosea. Hizo ndizo nguzo, na asiyekuwa nazo hana nyumba. Lakini mtu akisimamisha nguzo tano, asitie ukuta wala paa, je, atalala wapi mvua ya masika ikija? Siku ina saa 24. Swala tano, hata zikiswaliwa kwa utulivu, hazichukui saa mbili. Basi hizo saa 22 zilizobaki ni za nani?

Wanavyuoni wametufundisha kuwa ni za Mola yule yule. Kila tendo la halali likifanywa kwa nia njema huwa ni ibada. Mvuvi aingiaye baharini alfajiri ili wanawe wasiombe kwa watu yumo katika ibada. Mama akeshaye na mwana mgonjwa yumo katika ibada. Muuza duka asiyepunja mizani, naye pia. Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa hata kuondoa njiani kitu cha kuwaudhi wapitao ni katika imani.

Qurani yatupa na neno jingine: amana. Katika Suratul-Ahzab, aya ya 72, twaelezwa kuwa amana ilidhihirishiwa mbingu na ardhi na milima, vyote vikakataa kuibeba kwa hofu; mwanadamu akaibeba. Hapa ndipo mambo yanapotufika shingoni, kwani amana si neno la mimbarini tu. Iko majumbani mwetu, nayo ina sura za watu.

Tuanze na mirathi. Baba hufa, matanga yakaisha, hitima ikasomwa, na nyumba isigawanywe. Mwaka hupita, miaka kumi hupita, kaka mkubwa apokea kodi. Dada, ambaye fungu lake limetajwa katika Suratun-Nisaa, huambiwa angoje. Na akidai huitwa mtovu wa adabu anayetaka kumwaibisha marehemu. Kaka huyo huenda ni mtu wa safu ya mbele msikitini. Sura hiyo hiyo, aya ya 10, yaonya kuwa walao mali ya mayatima kwa dhuluma hula moto matumboni mwao.

Pili ni wakfu. Yasimuliwa kuwa Sayyidna Umar alipopata shamba zuri huko Khaybar alimwendea Mtume amwongoze la kufanya. Akashauriwa aizuie asili ya mali hiyo, na mavuno yake yawe sadaka. Basi likawa shamba lisilouzwa wala kurithiwa. Babu zetu wa Lamu, Malindi na Mombasa waliifuata njia hiyo. Waliweka wakfu nyumba, visima na mashamba ya minazi, ili misikiti ipate mafuta ya taa na maskini wapate riziki. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya makamishna wa kuzisimamia mali hizo. Lakini hakuna sheria iwezayo kukaa mlangoni usiku na mchana. Nyumba ya wakfu ikiporomoka kwa kukosa chokaa, au ikikaliwa kwa kodi isiyonunua hata kilo ya nyama, kuna maiti aliye kaburini ambaye sadaka yake imekatwa. Nasi twajua kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema wa kumwombea.

Ziko hadithi zinazopasa kutukosesha usingizi. Mtume aliwauliza masahaba wake ni nani aliyefilisika. Wakasema ni yule asiye na dirhamu wala mali. Akawafahamisha kuwa aliyefilisika katika umati wake ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka zake, hali amemtukana huyu, amekula mali ya yule, amempiga mwingine. Mema yake yatagawiwa hao aliowadhulumu, na yakimalizika kabla ya deni, atatwishwa dhambi zao.

Wako waja waliolifahamu jambo hili hapa kwetu pwani. Habib Swaleh bin Alwy Jamalilleyl alitoka Ngazija akahamia Lamu karne ya 19. Alikuwa mja kwa maana zote mbili: mgeni na mtumishi. Zama hizo elimu ya dini ilikuwa kama mali ya watu wa nasaba. Yeye aliwafundisha watumwa, wana wa watumwa na wageni wasio na jina, na baadhi ya wakubwa wa mji hawakupendezwa. Msikiti wake wa Riyadha ungali unasomesha, na wanafunzi wake wameenea pwani nzima.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891, alishika kalamu. Alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, akawaandikia Waislamu kwa lugha yao, akiwahimiza kusoma na kuacha uvivu. Akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki 1947. Ibada yake haikuishia kwenye mswala.

Si lazima kila mtu ajenge chuo au aanzishe gazeti. Siku ya Hesabu, kama tulivyofundishwa, mja ataulizwa umri wake aliumaliza katika nini, elimu yake aliifanyia nini, mali yake aliichuma wapi na kuitumia wapi, na mwili wake aliuchakaza kwa lipi. Maswali hayo yaweza kujibiwa na mchukuzi wa bandarini sawasawa na tajiri.

Basi mwenye hati za nyumba ya marehemu kabatini na azitoe wiki hii, awaite nduguze, waende kwa kadhi. Mwenye funguo za nyumba ya wakfu na apite aitazame paa yake kabla ya masika. Kisha adhana ikilia, na aende msikitini. Mola atuwezeshe. Amin.