Baruti ikipigwa, mtetemeko unafika wapi?

Ndugu wachimbaji wa Lubondja, na mama zetu munaobaki nyumbani, hii maneno ni yetu wote. Baruti inapigwa, ukuta unapasuka. Mwenye nyumba anasema ni baruti, mwenye kupiga anasema ni mvua. Bila kipimo, mwenye franga ndiye anashinda.

Lakini mtetemeko unapimwa. Mwaka 1990 wataalamu walipiga baruti ndani ya maziwa ya Kenya, kama Turkana, Baringo na Naivasha. Walipanga sismografu, vyombo vya kusikiliza udongo, kwa mamia ya kilometa. Walitaka kujua mawe ya chini ya Bonde la Ufa, lile ambalo tawi lake la magharibi ndilo lilizaa ziwa letu Tanganyika. Kadiri chombo kilikuwa mbali, mtetemeko ulifika dhaifu.

Juu ya nini? Kwanza, nguvu ile ile inatawanyika kwa eneo kubwa zaidi. Pili, mawe na udongo vinaimeza njiani. Mitikisiko ya haraka inakufa mbele, ya polepole inasafiri mbali.

Wapiga baruti wa dunia nzima wako na hesabu yake. Umbali ukiongezeka mara mbili, mtikisiko unabaki karibu sehemu moja ya tatu: milimita 30 kwa sekunde kwenye metre 50, kama 10 kwenye metre 100. Tena, kilo 4 zikilipuka pamoja, metre 100 ni sawa na metre 50 kwa kilo 1. Kwa hiyo mashimo yakilipuliwa moja moja, kwa kupishana kidogo sana, nyumba inapumzika. Lakini udongo laini wa kando ya mto unaweza kuongeza mtikisiko. Ndiyo maana hesabu peke yake haitoshi, lazima kupima pale pale. Ujerumani, kwa nyumba za kukaa, mtikisiko wa polepole wanauwekea mpaka wa milimita 5 kwa sekunde.

Sisi wa sendika tunaomba mambo matatu: vyombo viwekwe karibu, katikati na kwenye nyumba ya kwanza; kilo ziandikwe; matokeo yabandikwe mbele ya watu wote.

Na sisi tuanze leo. Kila nyufa, piga alama ya kalamu kwenye ncha zake mbili, andika tarehe. Baruti ikipita, angalia tena. Ikivuka alama, leta daftari kwenye mkutano.