Chumba cha Kubeba Maji

Filamu za kung fu nilizijulia Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, ndani ya chumba cha mabati chenye deki moja, televisheni moja na mabenchi ya mbao. Siku ya soko tulijazana mle mpaka mabati yakatoa jasho. Iliyonishika hadi leo ni The 36th Chamber of Shaolin, iliyotoka mwaka 1978 katika studio za Shaw Brothers, Hong Kong. Nimeirudia mara nyingi katika kazi yangu ya kuchambua sinema, na bado haijachuja.

Kinachoshangaza ni jinsi ngumi zinavyochelewa. Kijana anayekuja kuitwa San Te anawakimbia watawala wa Kimanchu waliowaua watu wake, anaingia hekalu la Shaolin akiwa na kiu ya kisasi. Anapewa ndoo mbili za maji azibebe, mikono imenyooshwa pande zote, visu vimefungwa mikononi. Mkono ukilegea, kisu kinamchoma ubavu. Kuna chumba cha kukomaza kifundo cha mkono, chumba cha macho, chumba cha kichwa. Vyote ni 35, na karibu nusu ya filamu inakwisha humo.

Mwongozaji, Lau Kar-leung, hakuyafupisha mafunzo hayo kwa sababu ndiyo yaliyomlea. Baba yake alikuwa mwanafunzi wa Lam Sai-wing, naye Lam alifunzwa na Wong Fei-hung, bingwa wa Guangdong aliyetungiwa filamu chungu nzima. Ndiyo maana kamera ya Lau husimama mbali kidogo, ikamwonyesha Gordon Liu, anayeigiza San Te, kuanzia utosini hadi unyayoni, na mapigo kadhaa yakapita kabla picha haijakatwa. Picha ikikatwa kila pigo, hata asiyejua kukunja ngumi ataonekana bingwa. Ikiachwa iende, mwili wenyewe unatoa ushahidi.

Ushahidi wa namna hiyo Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, wanaujua. Nenda Tabaka kwa wachongaji wa mawe ya sabuni. Mtoto hakabidhiwi patasi siku ya kwanza. Hupewa msasa na beseni la maji, asugue kazi iliyochongwa na mkubwa wake, mpaka vidole vizoee jiwe. Kwenye majani chai ya Nyamira ni vivyo hivyo: mgeni huchuma kwa macho, kila tawi analikodolea, ilhali vidole vya mzoefu huyafikia majani mawili na chipukizi huku yeye akiongea na jirani wa mstari wa pili. Watu waliofunzwa hivyo hawachoki kumtazama San Te akirudia ndoo zake. Wanamhesabia.

Halafu kuna sauti. Filamu nyingi za Hong Kong za miaka ile zilipigwa picha bila kurekodi sauti. Maneno na vishindo vilitiwa baadaye studioni. Sauti ilikuwa ya kuazima tangu mwanzo, na midomo haikushikana nayo sawasawa popote filamu ilipoonyeshwa. Kwa hiyo sikubali wanaosema kwamba wasimulizi wetu, kina DJ Afro, huharibu filamu za kigeni wanapozijaza Kiswahili chao. Katika filamu kama hii wanafuata njia iliyokwisha kupitwa na watengenezaji wenyewe. Na hata msimulizi asipokuwapo, mama anayezungumza Ekegusii peke yake ataelewa ndoo ni nini na kisu kinafanya nini.

San Te akishinda vyumba vyote, wakuu wanamwambia achague kimoja akisimamie. Anaomba cha 36, ambacho hakipo: chumba cha kuwafundisha watu wa nje ya hekalu. Wanakataa, wanamtoa nje, na huko nje anawakuta wanafunzi wake.

Jioni ya siku niliyoitazama pale Keroka, tulipotoka, wavulana watatu walikuwa wametangulia kupandisha maji kutoka mtoni. Kila mmoja alikuwa na mitungi miwili midogo, na mikono yote sita ilikuwa imenyooshwa.