UFUATILIAJI WA KIPUNJI KATIKA MISITU YA MBEYA NA IRINGA

Wakaazi wa Unguja wanamfahamu kima punju wa Msitu wa Jozani, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa Zanzibar. Wachache zaidi wanafahamu kuwa katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania Bara yupo kima mwingine mwenye jina linalokaribiana na hilo, naye ni kipunji. Kima huyu hakuwa ameandikwa katika kitabu chochote cha sayansi hadi mwaka 2005, ingawa wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimtaja kwa jina lake kabla ya hapo. Makala haya yanaeleza jinsi kipunji alivyogunduliwa, jinsi anavyohesabiwa, na sababu ya taarifa za wananchi kuwa na uzito katika kazi hiyo.

Habari za wawindaji

Mwanzoni mwa mwaka 2003, watafiti wa Shirika la Kuhifadhi Wanyamapori (WCS) walikuwa wakiwahoji wazee na wawindaji wa Kinyakyusa kuhusu wanyama wa Mlima Rungwe, mkoani Mbeya. Miongoni mwa wanyama waliotajwa alikuwamo kima mwenye haya nyingi aitwaye kipunji. Katika masimulizi ya wenyeji wamo wanyama wa kweli na wamo wa hadithi, na si kila aliyehojiwa aliyepata kumwona kima huyo kwa macho yake. Kwa hiyo lilizuka swali iwapo kipunji ni mnyama au ni jina tu.

Watafiti hawakuipuuza habari hiyo. Mwezi Mei mwaka huo walimwona kwa mara ya kwanza, lakini kwa mbali na kwa muda mfupi, kwani msitu wa Rungwe una miteremko mikali na ukungu mzito. Ilipofika Desemba 2003 ndipo walipomwona vizuri na kuthibitisha kuwa ni aina isiyojulikana na wataalamu.

Wakati huo huo kundi jingine la watafiti lilikuwa likifanya kazi katika milima ya Udzungwa bila ya kuwa na habari za wenzao wa Rungwe. Mwezi Julai 2004, katika Msitu wa Ndundulu ulioko Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa, kundi hilo lilimwona kima yule yule. Kutoka Rungwe hadi Ndundulu ni takriban kilomita 350. Makundi hayo mawili yalipata habari za kila mmoja mwezi Oktoba 2004, yakaunganisha kazi zao, na mwezi Mei 2005 yakatangaza kwa pamoja aina hiyo mpya katika jarida la Science. Jina walilompa la kisayansi lilihifadhi neno la Kinyakyusa, kipunji.

Inafaa kutajwa kuwa hakuna mnyama aliyeuawa kwa ajili ya tangazo hilo, kwani watafiti walitegemea picha, sauti na maelezo. Baadaye, mwaka 2005, kipunji mmoja alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima huko Rungwe. Uchunguzi wa mwili wake ulionyesha kuwa ana undugu wa karibu zaidi na nyani kuliko ilivyodhaniwa hapo awali. Kwa sababu hiyo, mwaka 2006 aliwekwa katika jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, yaani kima wa Rungwe. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima hai kutangazwa Afrika baada ya miaka 83.

Namna ya kumtambua

Kipunji ana manyoya marefu ya rangi ya hudhurungi, uso mweusi, ndevu ndefu za mashavuni, na shungi la nywele lililosimama wima kichwani. Tumbo lake na ncha ya mkia ni vyeupe vyeupe. Huishi juu ya miti kwa makundi, na hula matunda, majani, maua, magome na wadudu. Katika misitu anamoishi, majira ya kipupwe huleta baridi kali, na joto huweza kushuka chini ya sifuri. Wataalamu wanaamini kuwa manyoya yake marefu yanamsaidia kustahimili hali hiyo.

Sauti yake ni alama nyingine. Hutoa mlio mzito wa kubweka ambao haufanani na wa kima wengine wa huko. Kwa kuwa ukungu huwaficha wanyama, mara nyingi mfuatiliaji humsikia kipunji muda mrefu kabla ya kumwona.

Namna anavyohesabiwa

Kuhesabu kima si kazi nyepesi. Kundi moja laweza kuonekana asubuhi upande mmoja wa bonde na mchana upande mwingine, na asiye mwangalifu ataliandika mara mbili. Kwa hiyo kila kundi hufuatwa hadi lifahamike vyema, na mahali, saa na idadi huandikwa. Taarifa iliyokosa moja kati ya mambo hayo matatu haiwezi kulinganishwa na nyingine.

Sensa ya kwanza, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, ilichukua saa 2,864 za kazi msituni. Ilipata kipunji 1,117 katika makundi 38. Kati ya hao, 1,042 waliishi Rungwe na Kitulo, na 75 tu, katika makundi manne, waliishi Ndundulu. Eneo lote walilokuwa wakilitumia halikufika kilomita za mraba 18, yaani chini ya nusu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yenye kilomita za mraba 50. Mwaka huo kipunji aliorodheshwa kimataifa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Hatari zilizotajwa ni ukataji wa miti, uchomaji wa mkaa, uwindaji, na mitego ya wakulima wanaolinda mahindi yao. Zaidi ya hayo, msitu wa Rungwe na ule wa Livingstone, ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, huunganishwa na ukanda mwembamba wa Bujingijila. Ukanda huo ukikatwa, kipunji wa upande mmoja hawatawafikia wa upande wa pili.

Hata hivyo, juhudi za hifadhi pamoja na ushirikiano wa vijiji zilizaa matunda. Sensa iliyorudiwa, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, ilionyesha kuwa idadi ya kipunji ilikuwa imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Bila ya sensa ya kwanza, ongezeko hilo lisingeweza kujulikana.

Funzo kwa Visiwa

Utaratibu wa kuhesabu kundi kwa kundi ulitumika pia Unguja kwa kima punju, na ulionyesha kuwa wapo zaidi ya 5,800, idadi iliyozidi mara tatu makisio ya awali. Vile vile, kila mwaka wakati wa kusi, nyangumi hupita katika bahari ya Zanzibar, na mara nyingi wavuvi ndio wanaowaona kwanza.

Kipunji alijulikana kwa sababu neno la mwindaji lilisikilizwa na kuandikwa. Watumishi wa Serikali katika Wilaya na Shehia wanakumbushwa kuwa mwananchi anapoleta habari za mnyama adimu, wa nchi kavu au wa baharini, habari hiyo isipuuzwe. Iandikwe palepale ikionyesha mahali, tarehe, saa na idadi ya wanyama walioonekana, kisha ipelekwe kwa maofisa wa misitu au wa uvuvi wanaohusika. Wananchi nao wanaombwa wasimkamate wala kumdhuru mnyama huyo kwa nia ya kuthibitisha maneno yao. Maelezo sahihi, na picha ikiwezekana, yanatosha.