Somo la Afya: Kutoga Masikio Bila Madhara

Leo tutazungumza juu ya kutoga masikio. Hapa Namswea, kama penginepo, wako akina mama wanaomtoga mtoto kwa sindano ya kushonea, kisha huacha uzi ndani ya tundu lisizibe. Je, ubaya uko wapi?

Tundu lile ni jeraha. Uzi wa pamba hunywa jasho na usaha, ukashika uchafu. Udongo na samadi huweza kuleta pepopunda. Tena sindano moja ikitoga watoto wawili, yaweza kupeleka virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenziwe.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, mtoto amalize chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ndani yake mna kinga ya pepopunda. Pili, atogwe na muuguzi kwa sindano mpya, katika nyama laini ya chini. Tatu, osheni mara 2 kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, muda wa wiki 6. Msipake majivu.

Lakini ikiwa baba au mama ana kovu lililovimba kupita jeraha lenyewe, fikirini sana kabla ya kutoga. Kovu hilo hufuata ukoo, na likikatwa mara nyingi hurudi.

Sikio likivimba na kutoa usaha, nendeni zahanati siku ile ile.

Swali la kikundi: Kwenu nani hutoga watoto, na kwa sindano gani?